Kifaa Kililia Mtaroni: Kisa cha Mwalo Mmoja wa Mwanza

Picha iliingia kwenye kundi la WhatsApp la wafanyabiashara wa dagaa saa tatu usiku na ushee. Mkono umeshika kidude cha manjano, kiooni kuna tarakimu, na nyuma yake unauona mtaro wa kiwanda ukimwaga maji meusi ziwani. Chini ya picha kuna maneno machache: "Mionzi hapa ni maradufu. Msianike dagaa." Kesho yake asubuhi wanunuzi wawili waliokuja na magari walipita moja kwa moja, wakaenda kufungasha mzigo mwalo wa jirani.

Mwalo wenyewe, ufuko wa kushushia samaki, uko kusini mwa jiji, kwenye Ghuba ya Mwanza. Sitautaja jina, wala kiwanda sitakitaja, kwa sababu mwisho wa kisa utaona kwamba tuhuma hii haikuwa yake, ingawa kinayo nyingine.

Mwenyekiti wa BMU, kikundi cha wanajamii kinachosimamia uvuvi mwaloni, alinipigia simu alfajiri. Ni mzee ambaye wanawe wawili wamepita kwenye darasa langu la fizikia. "Mwangaluka, Mwalimu. Tuambie ukweli, tunakufa au hatufi?" Nikiwa bado kitandani nikamjibu kwamba hakuna shida, mionzi iko kila mahali. Kisayansi nilikuwa sahihi. Kwa kila namna nyingine nilijibu kijinga. Mtu amekuletea kipimo, wewe unamrudishia usemi. Hadi saa nne asubuhi maneno yangu yalikuwa yamezunguka kundi zima yakiwa na tafsiri yake: mwalimu kapewa bahasha na kiwanda.

Basi nikaenda.

Mwenye kifaa ni fundi simu, kijana mtulivu, mwaloni wanamwita Injinia. Alikiagiza mtandaoni kwa kupenda tu vitu vya umeme. Hakuwa mzushi, na hilo ndilo lililonifanya nikichukulie kisa hiki kwa uzito. Alikuwa na mambo matatu mkononi na yote matatu yalikuwa kweli. Alikiwasha kifaa mara ya kwanza akiwa kwenye mtumbwi katikati ya ghuba, kikasoma chini. Aliposhuka karibu na mtaro kikapanda hadi karibu mara mbili. Na wiki moja kabla alikuwa ameona kwenye geti la kiwanda kibao cha manjano chenye ile alama nyeusi ya panga tatu za feni, alama ya mionzi.

Tuanze na kibao, maana ndicho kilichowatisha akina mama wa dagaa kuliko tarakimu.

Viwanda vingi hutumia mionzi bila kuzalisha taka za mionzi. Kinachojaza chupa kinaweza kuwa na kichunguzi chenye amerisi-241, elementi inayotoa mionzi, kinachokagua kama kinywaji kimefika shingoni. Cha saruji, au mgodi unaochenjua mawe, unaweza kuwa na sizi-137, elementi nyingine ya aina hiyo, iliyofungwa kwenye kasha zito la risasi kupimia uzito wa tope linalopita ndani ya bomba. Chanzo cha namna hiyo ni kidonge kidogo kilichozibwa ndani ya chuma. Hakiyeyuki, hakimwagiki mtaroni na maji ya kuoshea sakafu. Kwa mujibu wa Sheria ya Nguvu za Atomiki Na. 7 ya mwaka 2003, mwenye nacho anatakiwa awe na kibali cha Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania, TAEC, na kibao kile ni dalili kwamba mtu fulani anajua kidonge kiko wapi.

Cha kuogopa ni siku kibao kitakapotoka getini kikiwa kimebandikwa kwenye chuma chakavu. Mwezi Septemba 1987, mjini Goiânia, Brazil, watu wawili waliingia kwenye kliniki iliyotelekezwa, wakabomoa mashine ya tiba ya saratani na kuuza sehemu yake kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Ndani mlikuwa na unga wa sizi-137 uliong'aa rangi ya buluu gizani. Watu wakagawiana kama zawadi, wengine wakajipaka. Wanne walikufa na watu 249 wakakutwa na uchafu wa mionzi mwilini au kwenye nguo. Niliwasimulia hayo mwaloni kwa sababu biashara ya vyuma chakavu Mwanza ni kubwa na vijana wanaookota wengi wao ni watoto wa palepale. Mama mmoja akauliza, "Sasa Mwalimu, unatutuliza au unatutisha?" Vyote viwili, mama.

Tukirudi kwenye mtaro. Nilimwomba Injinia tufanye upya kazi yake, safari hii kwa utaratibu. Kifaa kikae kwenye kigoda, mita 1 kutoka ardhini, dakika kumi kila kituo, na tusiandike tarakimu moja iliyoruka juu bali wastani. Hapa watu wengi huteleza. Mionzi haiji kama maji ya bomba, inakuja kama matone ya kwanza ya mvua kwenye bati: ta, kimya, ta-ta-ta, kimya. Kifaa kikihesabu midundo 25 kwa dakika, dakika inayofuata kinaweza kusoma 20 au 30 bila chochote kubadilika duniani, kwa kuwa mtikisiko wa kawaida ni kipeuo cha pili cha hesabu yenyewe. Ukihesabu 2,500, mtikisiko ni 50 tu, yaani asilimia 2. Picha iliyotumwa usiku ilikuwa ya ule mdundo wa juu kabisa aliouona. Yeye mwenyewe alikiri. Nani angepiga picha tarakimu ya chini?

Hata hivyo wastani ulipotoka, tofauti haikufutika. Mtaroni palikuwa juu kuliko ziwani, kweli, karibu mara mbili. Kwa hiyo wale waliosema kifaa ni kibovu, nikiwemo mimi kimoyomoyo, tulikuwa tumekosea.

Siku ya pili tukapanda feri ya Kamanga kuvuka kwenda upande wa Sengerema. Injinia aliketi na kifaa mapajani, na abiria walitutazama kama wapima viwanja waliopotea. Feri ilipoacha gati tarakimu zikaanza kushuka, na katikati ya maji zikatulia chini kabisa, zilezile alizoziona kwenye mtumbwi. Ng'ambo tulipokanyaga ufuko wenye majabali, usio na kiwanda, wala mtaro, wala hata mashine ya kusaga, kifaa kikapanda. Kikapita cha mtaroni.

Injinia alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema, "Kumbe ziwa ndilo lililonidanganya." Sidhani kama ningeweza kulisema vizuri zaidi darasani.

Miale ya gama, ile mionzi inayopenya mbali, inayotufikia kutoka chini hutoka kwenye udongo na mawe. Maji ni pazia nene: mita 1 yake huzuia karibu miale yote hiyo. Ziwa Victoria lina kina cha wastani cha mita 40. Ukiwa juu yake umekatwa kabisa na ardhi, na kinachobaki ni hasa miale inayotoka angani. Maji yenyewe hayachangii kitu cha maana kwa kuwa ni maji baridi yenye chumvi kidogo mno. Bahari ni habari nyingine. Lita moja ya maji ya bahari ina takriban bekereli 12 za potasiamu-40, yaani atomu 12 hivi hujivunja ndani yake kila sekunde. Anayeogelea Coco Beach yuko kwenye maji yenye mionzi mingi kuliko anayeoga Bwiru, hapa kwetu Mwanza, na wala hakuna anayemwambia atoke. Kwa hiyo alipochukua katikati ya ziwa kuwa ndiyo "kawaida", Injinia alikuwa amechagua karibu mahali pa chini kuliko pote ambapo mtu anaweza kusimama katika mkoa huu. Kutoka pale, nchi kavu yoyote ya Mwanza ingeonekana imechafuliwa.

Na Mwanza si nchi kavu yoyote. Jiji la Miamba si jina la kuvutia watalii tu. Jiwe la Bismarck na majabali yote yaliyobebana hadi milimani ni granaiti ya kale sana, yenye umri unaozidi miaka bilioni 2.5. Granaiti ilipokuwa ikipoa kutoka kwenye uji wa moto, ilikusanya vile ambavyo mawe mengine yaliviacha: urani, thori na potasiamu. Potasiamu imo kwenye zile chembe za waridi na nyeupe unazoziona jiwe likipasuliwa kokoto. Urani na thori zimejificha kwenye chembe ndogo nzito, zikiwemo zirkoni na monaziti.

Tufanye hesabu. Nachukua granaiti ya kawaida ya vitabuni, sikuipima ya mwalo ule: urani sehemu 4 kwa milioni, thori sehemu 17, potasiamu asilimia 4. Urani hiyo ni bekereli 49 hivi kwa kilo, thori 69, na potasiamu-40 ni 1,250. Kila moja ina kizidisho chake cha kugeuzwa kuwa dozi hewani, mita 1 juu ya ardhi: 0.462 kwa mlolongo wa urani, 0.604 kwa thori, 0.0417 kwa potasiamu. Unapata 23, 42 na 52. Jumla yake ni nanogrei 117 kwa saa, nanogrei ikiwa kipimo cha dozi hiyo ya hewani. Wastani wa dunia unaotajwa na UNSCEAR, kamati ya Umoja wa Mataifa inayofuatilia athari za mionzi, ni karibu 60. Jiwe tupu, bila kiwanda, linatupa maradufu.

Ni nyingi kwa afya? Mtu akikaa nje sehemu ya tano ya maisha yake juu ya granaiti hiyo, anapata takriban milisivati 0.14 kwa mwaka kutoka ardhini, milisivati ikiwa kipimo cha dozi inayoingia mwilini. Kwa makadirio ya UNSCEAR ya mwaka 2008, binadamu wa kawaida duniani hupata jumla ya 2.4 kwa mwaka kutoka vyanzo vyote vya asili, na zaidi ya nusu yake ni kutokana na kuvuta radoni, gesi ya mionzi itokayo kwenye mawe na udongo, na mazao yake.

Kulikuwa na jambo moja ambalo hesabu ya jabali haikulieleza. Katika ufuko uleule wa mwalo kifaa hakikusoma sawa kila mahali. Mdomoni pa mtaro, penye tope laini jeusi linalonuka, kilishuka kidogo. Hatua arobaini kushoto, kwenye mchanga ulioonekana safi, kilipanda. Kama uchafu ulikuwa unatoka mtaroni, ramani hii ilikuwa kichwa chini miguu juu.

Mtoto wa mwenyekiti ndiye aliyenionyesha. Pale kwenye mchanga palikuwa na mistari myeusi, myembamba, iliyofuata alama ya wimbi. Watoto wa mwaloni huicheza kwa sumaku kutoka kwenye spika mbovu: ukiipitisha, inaota ndevu. Zile ndevu ni magnetiti, madini ya chuma yenye uzito wa zaidi ya gramu 5 kwa sentimita ya ujazo, wakati mchanga mweupe wa kawaida ni 2.65 tu. Wimbi linafanya kazi ya mama anayepeta mchele. Chepesi kinarudi na maji, kizito kinabaki. Na vinavyobaki pamoja na magnetiti ni zirkoni na monaziti, zile chembe zenye thori na urani, ambazo sumaku ya mtoto haizivuti lakini wimbi limezirundika mahali pamoja. Fukwe za Kerala, India, na Guarapari, Brazil, zinajulikana ulimwenguni kwa jambo hilihili, kwa kiwango kikubwa kuliko chetu mara nyingi. Ziwa lilipopanda mwaka 2020 na tena 2024, lilikula fukwe na kupanga mchanga upya, kwa hiyo hata mistari ile si lazima iwe ilikuwepo pale miaka kumi iliyopita.

Mdomoni pa mtaro, kinyume chake, tope la mabaki ya viumbe na maji lilikuwa limefunika mchanga kama blanketi.

Sasa, ningekuwa mwongo kama ningesema nilijua tangu mwanzo. Kuna viwanda vinavyoongeza mionzi ya asili ufukweni, tena bila kununua chanzo hata kimoja. Vya mbolea ya fosfeti ndivyo mfano wa wazi. Mwamba wa fosfeti wa Minjingu, kule karibu na Ziwa Manyara, una urani nyingi kupita granaiti ya kawaida kwa mbali, na radiamu yake, inayozaliwa urani inapojivunja, huhesabiwa kwa maelfu ya bekereli kwa kilo. Huko Huelva, Hispania, viwanda vya asidi ya fosfori viliacha mabaki ya jasi yapatayo tani milioni 100 kando ya mlango wa mto, yakiwa na radiamu ndani yake. Mabomba ya visima vya mafuta nayo huota magamba yenye radiamu. Kama pale mwaloni pangekuwa na ghala la fosfeti linalovuja, ningetarajia mambo mawili: kipimo kiongezeke kadiri unavyoukaribia mtaro, na maabara ione radiamu nyingi bila thori ya kuandamana nayo. Granaiti huja na vyote viwili, thori ikiwa mara 4 hivi ya urani kwa uzito. Fosfeti huja na urani karibu peke yake. Ni kama kumtambua mtu kwa anayetembea naye.

Kifaa cha Injinia hakiwezi kutofautisha hayo. Kinahesabu midundo tu. Kwa hilo unahitaji maabara yenye kipima gama: mchanga unakaushwa, unachekechwa, unafungwa kwenye chombo kisichopitisha hewa na kuachwa karibu wiki nne. Wajumbe wa BMU walidhani wiki nne ni urasimu. Sivyo. Radoni, mtoto wa radiamu, ni gesi. Mchanga ukikaushwa na kuchekechwa inatoroka, na kwa kuwa nusu yake huisha kila siku 3.8, inachukua takriban muda huo kujaa tena hadi iwe sawa na mama yake. Ndipo mashine inasoma mlio wa kila mmoja: 609 kwa ukoo wa radiamu, 911 kwa ukoo wa thori, 1,461 kwa potasiamu, zote kilo-elektronivolti, kipimo cha nishati ya miale. Niliwaambia anayetaka kwenda mahakamani apeleke sampuli TAEC, kutoka mtaroni na kutoka ng'ambo, zote mbili. Ya mtaroni peke yake haimwambii hakimu kitu.

Swali la dagaa lilibaki, na ndilo lililokuwa na fedha ndani yake. Pale bado wapo wanaoanika juu ya mchanga badala ya vichanja, na kila anayekula dagaa wa mchanga anajua meno yanavyolia. Nilipiga hesabu kwa ubaya wote. Chukua mtu anayekula gramu 1 ya mchanga wa granaiti kila siku, mwaka mzima, na ujifanye kwamba kila chembe inayeyuka tumboni, jambo ambalo zirkoni haitalifanya. Hata kwa kujumlisha watoto wote wa urani na thori, pamoja na poloniamu-210 ambayo ndiyo kali, jibu linabaki chini ya milisivati 0.1 kwa mwaka. Mchanga huo utaharibu meno na jina la biashara kabla ya kuharibu kingine. Vichanja vinastahili kujengwa, lakini si kwa sababu ya mionzi.

Mkutano ulifanyika chini ya mwembe, na ramani tuliichora kwenye boksi la katoni. Injinia alizungumza mwenyewe. Nilimsihi afanye hivyo, kwa sababu mimi tayari nilikuwa mtu wa bahasha. Alipomaliza, mzee mmoja mvuvi aliinuka: "Kwa hiyo maji yale meusi ni mazuri?"

Hapana. Na hapa ndipo tuhuma ya kwanza ilipotuletea hasara, maana mwakilishi wa kiwanda aliyekuja kusikiliza alikuwa ameanza kutabasamu. Kifaa cha mionzi kikisoma chini mdomoni pa mtaro hakijasema maji ni safi. Hakisikii kinyesi. Hakisikii sabuni ya kuoshea matenki, wala zebaki, wala naitrojeni na fosforasi zinazolisha magugu maji na mwani wa kijani unaofunika ghuba na kula hewa ya samaki usiku. Tope lile lilikuwa linanuka mayai mabovu, na harufu hiyo inakuambia oksijeni imekwisha kule chini. Hiyo ilikuwa kesi ya NEMC, baraza la taifa la mazingira, na ya Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Victoria, na vipimo vyake ni vingine kabisa: oksijeni iliyoyeyuka, mahitaji ya oksijeni, vimelea. Mwakilishi aliacha kutabasamu, akaomba nakala ya ramani. Tukampa. Barua ya BMU kuhusu maji iliandikwa wiki hiyohiyo, bila neno mionzi ndani yake. Mwenyekiti alilifuta kwa kalamu mara mbili katika rasimu.

Mnunuzi mmoja kati ya wale wawili alirudi baada ya mwezi. Wa pili hajarudi. Amezoea bei za mwalo wa jirani.

Injinia hakukiuza kifaa. Jioni moja alikuja nacho kwangu, mlimani, ambako nyumba yangu imeegemea majabali mawili na la tatu limechungulia dirishani. Chumbani kikasoma juu kuliko mtaroni na juu kuliko ng'ambo, kwa kuwa pale jiwe halipo chini tu, lipo ubavuni na mgongoni pia. Mke wangu akauliza tufanye nini. Nikafungua madirisha, radoni ipungue. Akauliza na mbu je?

Tukaweka nyavu.